Jina la Mwenye Shamba

Kaka yangu alinichagua mie kwa sababu ya mwandiko. Tumebaki wawili kwa mama yetu, na kati ya wawili hao mie ndiye niliyemaliza la saba. Yeye aliishia la nne akashika jembe. Kwa hiyo wapimaji walipoingia kijijini kupima mashamba ili watu wapewe hati za kimila, na watu wa Ngorongo wakatokea kusema shamba la mikorosho analokaa kaka na mama ni la babu yao, kaka alipanda bodaboda mpaka kwangu Kibiti. Akakaa kwenye benchi pembeni ya jiko langu la vitumbua.

"Dada, kazi hii yako," akasema. "Nenda ofisini ukatutafute."

"Nikamtafute nani?"

"Sisi. Jina letu na jina lao si moja? Wewe onyesha tu kwamba sisi na wao ni wa babu mmoja. Hapo hakuna wa kumtoa mwenzake."

"Na kama si wa babu mmoja?"

"Wewe tangu mdogo una maswali ya mwalimu wa zamu," akasema, akachukua kitumbua cha moto bila kuomba.

Nimeyaandika mambo haya mara tatu kwenye daftari langu na mara tatu nimechana. Mara ya kwanza niliwaandika watu wa Ngorongo kama wezi, na hawakuwa wezi. Ya pili nilimwandika kaka kama mjinga, na kaka si mjinga. Ya tatu nilijiandika mie kama mtu mwema, na nilipoisoma hiyo niliona haya kuliko zote. Hii ni ya nne. Sina hakika kama itakuwa ya haki, ila sitaichana.

Jina lenyewe silitaji. Lipo mwishoni kwenye kitambulisho changu, lipo kwenye cha kaka, lilikuwepo kwenye cheti cha kifo cha baba. Ni jina la mzee aliyefyeka shamba lile, upande wa Mtawanya, kabla baba yangu hajaota ndevu. Hilo hakuna anayebisha. Bibi wa Ngorongo, mjukuu wa damu wa mzee huyo, alikuja mara ya kwanza na mpwa wake, akakaa kwenye mkeka wa mama, akapokea maji, akanywa. Ndipo akasema kwa upole, "Hapa ni pa babu yetu. Nyie alikukaribisheni."

Kaka akamjibu, "Na sisi tunaitwa kwa jina lake. Mtu anamkaribisha mwanawe?"

Bibi alimtazama mama, na mama hakuweza kumtazama, kwa kuwa macho ya mama yameingia ukungu miaka mingi sasa. Mama anaijua nyumba ile kwa miguu. Anajua hatua ngapi kutoka mlangoni hadi jikoni, mkorosho gani una mzizi uliotoka nje, ukuta upi una joto asubuhi. Kwangu Kibiti ninapanga chumba kimoja na uchochoro wa kupitia una mtaro wazi. Nilimleta mara moja akae wiki, akaanguka siku ya pili. Hilo ndilo lililonipeleka ofisini. Shamba kwa ajili ya shamba lisingenitoa kwenye jiko langu. Nilitaka mama afie anapopajua.

Ofisini kulikuwa na karani, kijana mwenye kikohozi cha vumbi, na chumba cha nyuma chenye makabati mawili na maboksi ya madaftari. Nilimweleza. Akacheka, si kwa ubaya.

"Mama, watu huja hapa kutafuta cheti. Wewe unatafuta ukoo."

"Natafuta jina."

"Jina hilo? Nikikuorodheshea wenye jina hilo kuanzia hapa mpaka Ikwiriri utaacha vitumbua viungue."

Hakuongopa. Nilikwenda kwa siku nyingi, asubuhi baada ya kumaliza kuuza, nikiwa na daftari langu nililolichora mistari: jina, baba, kijiji, mwaka wa kuandikwa, ukurasa. Nilipitia rejista za shule, orodha za waliochanjwa, orodha za waliogawiwa mbegu. Nilikuta wenye jina letu thelathini na kitu. Kila nilipomkuta mmoja moyo ulinienda mbio kama niliyemwona ndugu stendi. Halafu nikimfuata nakuta si wetu, wala si wa Ngorongo, ni wa kwake mwenyewe.

Kuna jambo moja nililopaswa kulijua mapema, na sikulijua kwa sababu nimelizoea. Sisi watu wa huku jina halikai. Mtu huitwa jina lake, la baba yake, la babu yake, basi. Mwanawe akizaliwa, la babu wa juu linadondoka. Jina likibaki palepale mwishoni kwa vizazi vitatu, kuna mtu alilibandika. Mie nililiona limebaki nikafurahi. Nikasema, huu ndio ukoo. Karani naye aliliona, nadhani, lakini hakusema, na simlaumu, maana sikumuuliza.

Mmoja wa wenye jina alikuwa delta, kwenye kisiwa cha mpunga na mikoko. Nikapanda boti ya injini Nyamisati, nikiwa nimefunga daftari kwenye mfuko wa plastiki. Nilimkuta mwanamume wa rika langu akishona gunia.

"Karibu shangazi," akasema, baada ya kunisikiliza.

"Mbona shangazi, hata hujanijua?"

"Una jina la babu yangu. Nikuite nani, afisa kilimo?"

Mkewe akacheka mpaka akaweka ungo chini. Walinipa wali wa mpunga mpya na samaki wa kuchoma. Nilipomaliza kula ndipo nikatoa daftari, nikamuuliza babu yake alitoka wapi na jina alilipataje. Akasema babu yake alipewa jina hilo na mwalimu wake wa chuo cha Korani, aliyemlea tangu yuko mdogo. Damu yake ilikuwa ya kwingine kabisa.

"Kwa hiyo jina si lenu," nikasema.

"Si letu kivipi? Tunaitwa."

"Nina maana, kwa damu."

Akaniangalia. "Shangazi, umekuja kututafuta au umekuja kututoa?"

Nilimwomba radhi. Akanifungia mchele kwenye kitambaa, akaniambia nipite tena siku nikiwa sina daftari. Kwenye boti nilijisikia vibaya, kwa sababu mtu alikuwa amenipa undugu mkononi na mie nikamdai karatasi. Lakini sikuacha. Labda hapo ndipo nilipopaswa kuacha.

Daftari lililotusaidia nililipata wiki iliyofuata. Ni daftari la kaya la kijiji, lenye jalada gumu, limeandikwa vizuri kwa mkono mmoja. Yule mzee mwenye jina yupo juu kama mkuu wa kaya. Chini yake mkewe, watoto wake, na chini ya watoto wake yupo babu yangu, jina lake la kwanza kisha jina la mzee, na kwenye safu ya uhusiano pameandikwa: mtoto. Baba yangu kafuata: mjukuu. Mama yangu: mke wa mjukuu. Nilikaa chini pale kwenye boksi. Karani akaniletea maji.

"Umewapata?"

"Nimewapata."

Alinigongea muhuri kwenye nakala. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akasema, "Hili limenakiliwa, mama. Lile la kwanza la wakati wa vijiji nalo lipo, mchwa wameanza kulila. Ulitaka?"

Ningesema sitaki. Ningesema inatosha, ahsante, mwanangu, nina vitumbua. Nikasema nalitaka.

La kwanza liliandikwa mwaka watu walipohamishwa bondeni kuja kukaa barabarani. Mwandiko wa haraka, kalamu inavuja. Kaya ileile, mzee yuleyule, watoto walewale. Babu yangu yupo, na jina la mzee limebandikwa nyuma ya lake. Kwenye safu ya uhusiano: mgeni. Baba: mgeni. Mama: mgeni.

Nikaelewa yaliyotokea kana kwamba nilikuwepo. Aliyenakili daftari la pili alikuta mtu mwenye jina la mkuu wa kaya, akaona haiwezekani awe mgeni, akasahihisha. Akaandika mtoto. Pengine alidhani anatenda wema. Na kutoka kwenye daftari lile ndiko shule ilikochukua jina la kaka, na langu, na vitambulisho vyetu vyote vikafuata.

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Kaka alikuwa shambani anapalilia. Nikamkuta mama anachambua kisamvu kwa vidole, nikamuuliza siku ya kuandikwa ilikuwaje.

"Hatukuwepo," mama akasema. "Tulikuwa dunguni."

Dungu ni kibanda cha juu ya miti ambacho watu wa bondeni hukaa humo miezi, kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Serikali iliwahamishia barabarani, lakini mpunga haukuhama. Kwa hiyo nyumba zilikuwa barabarani na watu walikuwa madunguni, na waandikaji walipopita walikuta nusu ya kijiji haipo.

"Nani aliwajibia?"

"Jirani. Mzee mwenyewe alikuwa dungu la pili, mkewe yuko kwenye msiba. Jirani akasema wote wa hapa ni wa fulani, hawa wageni wake. Akataja jina la mzee. Tuliporudi tukaambiwa tumeshaandikwa. Baba mkwe wangu alicheka siku nzima. Akasema, nimeshuka milimani mtu mzima, leo nimezaliwa upya."

"Hakwenda kurekebisha?"

"Akarekebishe nini? Mzee alisema acha, jina langu halitapungua."

Nikamuuliza lile lililobaki. "Mama, shamba hili babu alipewa au alikaribishwa?"

Mama aliacha kisamvu. "Aliambiwa, kaa hapa, lima, panda. Akakaa, akalima, akapanda. Mikorosho ya huku chini yote ni ya mkono wake."

"Ndiyo, lakini aliambiwa iwe yake?"

"Nyie watu wa makaratasi," akasema. "Wakati ule yalikuwa mambo mawili hayo?"

Nilimwonyesha kaka nakala za madaftari yote mawili, kwani sikuwa na nia ya kumficha. Alizisoma polepole kwa kidole. Aliporudisha, alirudisha moja tu, ile ya *mtoto*.

"Hili linatosha," akasema. "Hilo jingine mchwa wamelila."

"Hawajalimaliza."

"Dada. Mama anakaa wapi?"

Nikaichukua mkononi mwake ile nakala ya daftari la kwanza, nikaitia chini kabisa ya mkoba, nikajiambia sitaitoa ila nikiulizwa. Niliona hiyo ni haki ya kutosha kwa pande zote. Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki au ni namna ya kumwachia mtu mwingine dhambi yangu.

Baraza lilikaa asubuhi, watu wa usuluhishi wanne na mwenyekiti wao. Bibi wa Ngorongo alikuja na kanga mpya, akanisalimia kwanza yeye, ingawa mie ndiye niliyepaswa kumwamkia. Nikatoa nakala, nikasoma. Waliposikia *mtoto*, mpwa wa bibi alisimama kutaka kusema, bibi akamshika shati akamkalisha. Nilimwona bibi amesawijika. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikafurahi. Vyote viwili nilivihisi, siwezi kukana.

Mwenyekiti aliiangalia ile karatasi. Kisha akaniuliza mie, si kaka.

"Mama, wewe ndiye uliyepekua. Kabla ya daftari hili kuna jingine?"

Kaka hakunitazama. Alitazama mikono yake.

"Lipo," nikasema.

Nilitoa nakala yake. Nikaisoma. Na kwa kuwa nilitaka kila mtu apate haki yake, niliongeza nililoliona mwenyewe: kwamba ukurasa uleule una watu wengine wawili walioandikwa wageni, na mmoja wao namjua, amezaliwa palepale, kosa lake ni kuwa alikuwa dunguni siku ile. Kwa hiyo neno *mgeni* liliandikwa kwa mdomo wa jirani kama lilivyoandikwa jina. Kama jina halina uzito, na neno lile halina.

Mwenyekiti alikubali kwa kichwa. Alisema nimesema vizuri. Halafu akamgeukia mama, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, akamuuliza mkwewe alifikaje pale. Mama, ambaye hajawahi kusema uongo mbele za watu wazima, akasema, "Tulikaribishwa, baba. Tulikaribishwa vizuri sana."

Hapo ikaisha. Mwenyekiti alitufafanulia, na sikumwona ana kisirani. Alisema mtoto ni mrithi. Hata mtu aliyejiingilia tu, akakaa miaka mingi pasipo kuulizwa, naye sheria inaweza kumsikiliza. Lakini aliyekaribishwa, akae miaka mingapi, anabaki aliyekaribishwa. Nilimwomba arudie. Akarudia. Kwa hiyo babu yangu angekuwa mwizi, leo tungekuwa na shamba. Alikuwa mtu mwema kwa mtu mwema, wakala sahani moja, na ndicho kilichotuponza. Nimekaa na jambo hili miezi sasa, nikikanda unga, nikichota maji, na kila nikiligeuza bado linanichoma.

Bibi wa Ngorongo aliomba kusema. Alisema hawataki kumfukuza mtu. Kaka na mama wabaki kama zamani, ila wasaini kwamba wanakaa kwa ukarimu, hati itoke kwa jina la babu yake. Ilikuwa haki. Ilikuwa zaidi ya haki, na ninaandika hivyo ingawa mkono unakataa.

Kaka akasema, "Nisaini kwamba mikorosho niliyoipanda na baba yangu naipata kwa huruma ya mtu?"

"Si huruma, mwanangu," bibi akasema. "Ni kama alivyokaa babu yako."

"Babu yangu hakusainishwa."

Hilo nalo ni kweli. Alitoka nje. Wiki ileile aling'oa mabati ya upande wake wa nyumba, akampeleka mkewe Ikwiriri kwa wakwe. Alinipitia Kibiti njiani, fuso likiunguruma. Sikujua kama atashuka. Alishuka, akasimama mbali na jiko.

"Waliuliza swali moja," akasema. "Moja tu. Ulishindwa kusema sijui?"

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Mama angekuwa amelala kwa mwanawe."

Akapanda gari. Hajaja tena. Mkewe hupiga simu kuuliza hali ya mama, na nikimuuliza ya kaka husema yuko mzima, anakata majani kwa kibarua. Simlaumu. Nimejaribu kumlaumu, ingenirahisishia, lakini kila nikianza nakumbuka kwamba mie nilichopoteza ni jina tu, na yeye alipoteza miti.

Mama alikataa kuondoka. Alisema anapajua. Karatasi yake ya kukaa niliiandika mie, mwenyekiti akitamka, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Bibi akaweka sahihi, mama akaweka dole gumba, nikamfuta wino kwa ncha ya kanga yangu. Mjukuu wangu wa kike anakaa naye sasa, anampikia, na mie huenda kila Ijumaa baada ya swala. Watu wa Ngorongo wanamtunza kwa namna yao. Bibi hutuma mchele. Mpwa wake alirudishia makuti upande kaka alioung'oa. Ningependa wawe watu wabaya.

Juzi msimu ulianza. Nilimkuta mama chini ya mkorosho, amekaa kitako, anapapasa ardhini na kuokota korosho zilizodondoka, anazisokota kutoka kwenye bibo, anazitupa kwenye ungo. Alikuwa na nyungo mbili na zote zimejaa.

"Tutachoma hizi jioni," nikasema.

"Za wenyewe hizo. Kijana wao atapita kuzichukua."

"Mama, bibi alikuambia ule. Nilimsikia kwa masikio yangu, alisema shamba ule kama siku zote."

"Alisema. Lakini karatasi ulinisomea wewe. Inasema nikae. Ya kula haimo."

Nilisimama. Nilijaribu kukumbuka nilichoandika siku ile, na nilikikumbuka neno kwa neno. Mwenyekiti alitamka *kukaa*, nikaandika *kukaa*. Haikunipitia kichwani kuuliza, mie ninayeuliza kila kitu.

"Ntakwenda kwa bibi tuiandike upya," nikasema.

"Usimsumbue mtu," mama akasema. "Umeshaandika vya kutosha."

Akaendelea kupapasa. Zilizokuwa mbali hakuzifikia. Nikafunga kanga kiunoni, nikainama, nikamwokotea, tukaziweka zote kwenye nyungo za wenyewe.